Dawa ya Wadudu Haitibu Chule Buni

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yangu ya juma hili nataka tutazame habari ya fangasi na dawa zake. Najua kwamba jina hilo likitajwa mjini, wengi hufikiria muwasho wa vidole vya miguu au kichwa cha mtoto wa shule chenye mabaka, wakacheka kidogo na kuendelea na mambo mengine. Lakini fangasi ni jamii kubwa. Ziko zinazowasha ngozi tu, na ziko zinazopenya mpaka kwenye ubongo na kumwua mtu mzima katika majuma machache. Na kosa linalofanywa juu ya hizo zote ni moja, nalo ni kuzitibu kwa dawa isiyozihusu.

Kulieleza jambo hilo nitaanzia mahali ambapo pengine hukutazamia, yaani kwenye mashamba ya kahawa ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Anayetoka Songea kwenda magharibi hupanda milima ya Umatengo, nchi ya baridi, ya mibuni na mashamba ya ngoro. Akiendelea huteremka mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, nchi ya joto na unyevu, ya dagaa na mihogo. Zamani sehemu hizo zote zilikuwa wilaya moja ya Mbinga, kabla mwambao haujagawanywa ukawa Wilaya ya Nyasa.

Mkulima wa kahawa wa milimani ana maadui wa aina mbili. Wako wadudu, kama vile kimatira anayefyonza matunda machanga na bungua anayetoboa shina. Na yako magonjwa, ambayo makubwa yake ni kutu ya majani na chule buni. Kutu huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Jani huanguka na mti ukabaki uchi. Chule buni hushika tunda likiwa bichi, likaingia doa jeusi lililobonyea, na mwishowe likakauka mtini au likapukutika. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na kiumbe anayeuleta ana jina la kisayansi lenye neno letu kahawa ndani yake. Kiumbe huyo ni fangasi. Kutu nayo ni fangasi.

Muulize mkulima yeyote mzoefu wa Mbinga, atakwambia kwamba kimatira hupigwa kwa dawa ya wadudu, lakini chule buni haisikii dawa ya wadudu hata ukimwaga pipa zima. Chule buni hutaka mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba, na hutaka inyunyiziwe mapema kabla ugonjwa haujashika, kisha irudiwe kwa ratiba. Au hutaka mibuni ya aina mpya inayostahimili, kama ile iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ambayo ina kituo chake Ugano, huko huko Mbinga. Kwa ufupi mkulima huyu anajua kwamba kwanza humtambua adui, kisha huchagua dawa inayomhusu, na huiwahi.

Lakini mkulima huyo huyo, mtoto wake akitoka mashilingi kichwani, huenda dukani akaomba kapsuli za rangi mbili. Nimeliona jambo hilo zaidi ya mara moja katika safari zangu za kikazi, milimani na ziwani, na wala si la Mbinga peke yake. Kariakoo na Mwanjelwa mambo ni hayo hayo. Naamini sababu mojawapo ni namna tunavyosema. Kiswahili cha kila siku huviita viumbe vyote vidogo vinavyoleta maradhi kwa jina moja la vijidudu. Basi mtu akisikia kwamba antibayotiki ni dawa ya kuua vijidudu, hudhani inaviua vyote. Haiviui vyote. Antibayotiki kama amoksisilini huua bakteria. Kwa fangasi ni sawa na dawa ya kimatira iliyonyunyiziwa kwenye chule buni.

Na pengine huzidisha tatizo. Mwilini mwetu, kinywani, tumboni na ukeni, wako bakteria wema wanaoishi pamoja na fangasi ndogo iitwayo kandida, wakiizuia isienee. Antibayotiki ikiwafagia bakteria hao, kandida hupata uwanja. Ndiyo maana akina mama wengi, baada ya kumaliza dozi ya antibayotiki, huanza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe kama maziwa ya mgando.

Sasa fangasi ni kitu gani? Uyoga ni fangasi. Ukungu juu ya mkate ni fangasi. Hamira ya maandazi ni fangasi. Zamani wataalamu waliziweka pamoja na mimea, lakini siku hizi inajulikana kwamba kwa ukoo fangasi ziko karibu na wanyama, yaani karibu na sisi, kuliko zilivyo karibu na mimea au bakteria. Chembe hai ya fangasi ina kiini kama chembe yetu, na hufanya kazi zake nyingi kwa njia zile zile tunazotumia sisi. Hapo ndipo penye ugumu wa kutengeneza dawa. Bakteria ni mgeni kabisa kwetu; ana sehemu nyingi ambazo sisi hatuna, na dawa inaweza kumpiga bila kutugusa. Fangasi ni kama ndugu mbaya unayekaa naye nyumba moja: ukirusha jiwe gizani unaweza kumpata wa kwako. Kwa sababu hiyo antibayotiki ni nyingi, lakini makundi ya dawa zinazotumika kwa fangasi za ndani ya mwili yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hata hivyo zipo tofauti chache ambazo wataalamu wamezishika. Ya kwanza ni mafuta ya utando wa chembe. Utando wa chembe zetu umeimarishwa kwa kolesteroli. Wa fangasi umeimarishwa kwa mafuta mengine yaitwayo ergosteroli. Dawa nyingi za fangasi hupiga hapo. Amfoterisini na nistatini hujishikiza kwenye ergosteroli na kuuharibu utando, na vilivyomo ndani vikavuja. Flukonazoli, klotrimazoli na wenzao huzuia ergosteroli isitengenezwe, na terbinafini vilevile, ila kwa kupiga hatua nyingine. Tofauti ya pili ni ukuta. Nje ya utando wake fangasi ina ukuta ambao ndani yake mna kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kaa na la panzi, pamoja na sukari zilizosukwa kama kamba. Sisi hatuna ukuta huo. Dawa za sindano zinazozuia ukuta usisukwe zilianza kutumika mwaka 2001, lakini bei yake si ya hospitali zetu za wilaya.

Tuanze na ngozi, maana huko ndiko wengi tunakozijua fangasi. Mwambao wa Nyasa, penye joto na jasho, ugonjwa wa kawaida ni mba, yale madoa meupe au ya kahawia ya kifuani na mgongoni. Fangasi yake huishi kwenye mafuta ya ngozi ya watu karibu wote na haina uhusiano na uchafu, kwa hiyo hakuna haja ya kumcheka mwenye nayo. Dawa yake ni ya kupaka au ya kuogea. Rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi hata kama fangasi yenyewe imekwisha kufa, na wengi hudhani dawa imeshindwa wakaanza nyingine. Wavuvi, wachambua dagaa na kila anayeshinda miguu imelowa hupata fangasi za katikati ya vidole. Hao, pamoja na dawa, wanahitaji kukausha miguu, jambo rahisi kusema kuliko kutenda kwa mtu ambaye riziki yake imo majini.

Kisha kuna mashilingi, ambayo wengine huyaita mapunye au choa. Fangasi zake hula keratini, ile protini ngumu inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Yakiwa mwilini, marhamu hutosha. Marhamu ya Whitfield, iliyotungwa na daktari wa London mwanzoni mwa karne iliyopita kwa kuchanganya asidi mbili, bado ni ya bei nafuu na bado inafanya kazi, mradi isipakwe usoni wala kwenye ngozi laini ya mtoto mchanga. Klotrimazoli nayo hufaa.

Lakini yakiwa kichwani, marhamu peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi imeingia ndani ya unywele na kwenye shina lake, mahali ambapo marhamu haifiki. Hapo mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Dawa kongwe ni griseofulvini, iliyopatikana London mwaka 1939 kutoka katika ukungu wa jamii ile ile inayotoa penisilini. Wasomaji wa Mbinga watafurahi kusikia kwamba kabla ya kupewa binadamu ilijaribiwa kwanza dhidi ya magonjwa ya mimea. Ilikuwa mwaka 1958 ndipo ilipoonekana kwamba wanyama wa maabara wakiimeza hupona fangasi za ngozi.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini haina haraka. Griseofulvini hujipenyeza kwenye keratini mpya inayoota, ikaifanya isilike. Unywele wa zamani ulioliwa hauponi. Ni mpaka usukumwe nje na kukatwa. Kwa hiyo dozi huchukua majuma sita mpaka manane, na pengine zaidi. Mama anayeiacha juma la pili kwa kuwa muwasho umetulia huwa ameacha kazi katikati, na mwezi unaofuata mabaka yanarudi. Dawa hiyo huingia vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama maziwa au karanga. Mama mjamzito haruhusiwi kuitumia. Na mashine ya kunyolea ya kinyozi isiposafishwa kwa dawa, mtoto aliyepona leo ataambukizwa tena keshokutwa.

Kabla ya kuondoka kwenye ngozi, nitaje hatari moja ambayo ni ya mjini zaidi. Ni zile krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi katika bomba moja, ambazo watu wengi wanazipenda kwa kuwa zinatuliza haraka. Steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku mbili tatu. Lakini hufanya hivyo kwa kuwanyamazisha askari wa mwili, na fangasi ikapata kula bila kusumbuliwa. Doa huenea polepole, hupoteza umbo lake la mviringo, na daktari anapokuja kuliona halitambui. Steroidi hizo hizo ndizo zilizomo katika baadhi ya krimu za kujichubua. Ukiona doa limetulia kwa krimu na kurudi kubwa zaidi kila unapoiacha, acha kununua bomba jingine, nenda ukaonwe.

Tuingie kinywani. Utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto mchanga ni kandida, na kwa kawaida si jambo la kutisha. Dawa yake ya miaka mingi ni matone ya nistatini. Dawa hiyo iligunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliokuwa watumishi wa maabara ya serikali ya jimbo la New York. Mmoja alikaa jijini New York, mwingine mji wa Albany, na walikuwa wakitumiana udongo na chupa za majaribio kwa posta. Waliitangaza mwaka 1950 na kuipa jina la jimbo lao. Fedha zilizotokana na hakimiliki, zaidi ya dola milioni 13, hawakuzitia mfukoni. Zilikwenda kusaidia utafiti.

Lakini utando huo huo ukionekana kinywani mwa mtu mzima ambaye hatumii dawa za steroidi wala hakumeza antibayotiki karibuni, basi hapana budi kuuliza kwa nini. Inawezekana ni sukari. Inawezekana ni virusi vya UKIMWI ambavyo vimekwisha kupunguza askari wa mwili. Na ukishuka mpaka kooni, mgonjwa akapata maumivu anapomeza, huo ni mlio wa kengele. Kumpa nistatini na kumrudisha nyumbani bila kupima ni kuzima kengele huku nyumba inaungua.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye fangasi inayoua. Jina lake ni kriptokokasi. Ni chembe ndogo ya mviringo iliyojifunika koti nene la ute. Inaishi kwenye udongo, kwenye miti, na hasa penye kinyesi cha njiwa. Watu wengi huivuta kwa pumzi bila kujua, na mwili ukaifungia mapafuni. Lakini kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana hutoka kifungoni, ikasafiri kwa damu mpaka kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu 152,000 wenye VVU duniani walipata homa hiyo ya uti wa mgongo na 112,000 wakafa, wengi wao katika Afrika kusini mwa Sahara. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu watano waliokufa kwa UKIMWI, karibu mmoja aliuawa na fangasi hii.

Kwetu si habari ya mbali. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wana VVU, na mkoa ulioongoza kwa asilimia 12.7 ni Njombe, jirani wa Ruvuma, ambao kwa upande wa Ludewa unagusa ziwa lile lile la Nyasa.

Ugonjwa huu huanza kwa hila. Kichwa huuma siku nyingi, pengine majuma, kikizidi kila siku. Homa huja na kuondoka. Baadaye mgonjwa hutapika, macho huona viwili viwili, mwisho huchanganyikiwa. Shingo inaweza isikakamae kabisa. Wakati wote huo mgonjwa huwa ametibiwa malaria, kisha taifodi, kisha "UTI", na mfuko wa vidonge umejaa. Wengine huambiwa kwamba wamerogwa. Kila juma linalopita kwa dawa isiyohusika ni juma ambalo fangasi imelipata bure.

Kuitambua si kazi ngumu. Zamani, na mpaka leo, fundi wa maabara huchukua tone la maji ya uti wa mgongo akalichanganya na wino mweusi. Koti la fangasi halipitishi wino, kwa hiyo kwenye hadubini chembe huonekana kama mwezi uliozungukwa na usiku. Siku hizi kuna kipimo chepesi zaidi, kijiti kama cha mimba, kinachotambua vipande vya koti hilo katika damu kwa muda wa dakika 10 hivi. Faida yake kubwa ni kwamba vipande hivyo huonekana kwenye damu majuma kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Yaani unaweza kunyunyizia mrututu kabla doa halijatokea.

Faida hiyo ilipimwa hapa hapa nchini. Utafiti ulioongozwa na Dakta Sayoki Mfinanga wa NIMR, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuata wagonjwa 1,999 wa Dar es Salaam na Lusaka ambao kinga yao ilikuwa imeshuka sana na walikuwa wanaanza dawa za kufubaza VVU. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa fangasi hii katika damu, waliokutwa nayo wakapewa flukonazoli, na wote wakatembelewa nyumbani mara chache katika majuma ya mwanzo na wahudumu wa kawaida, si madaktari. Vifo katika kundi hilo la pili vilipungua kwa asilimia 28.

Kwa aliyekwisha kuugua, dawa ni tatu. Flukonazoli, iliyotengenezwa Uingereza na kuingia sokoni mwaka 1988, humezwa na hufika ubongoni vizuri, lakini peke yake huizuia fangasi isikue zaidi kuliko kuiua; ukimtegemeza mgonjwa wa uti wa mgongo kwayo peke yake, unamwacha katika hatari kubwa. Amfoterisini, iliyotokana na udongo wa Mto Orinoco nchini Venezuela katika miaka ya 1950, huua kwa nguvu, ila huumiza figo na kushusha madini ya damu. Baadaye ilifungwa ndani ya vitone vya mafuta, ikapungua ukali wake kwa figo. Ya tatu ni flusaitosini. Hii ilitengenezwa mwaka 1957 ikitafutwa dawa ya saratani, haikufaa. Kwa fangasi hufanya kazi kama chambo: yenyewe haina sumu kubwa, lakini fangasi huimeza, na ndani yake kimo kimeng'enya kinachoigeuza kuwa sumu. Chembe zetu hazina kimeng'enya hicho.

Ukisimama Mbamba Bay na kutazama ng'ambo, upande wa pili ni Nkhata Bay, Malawi. Huko Malawi, pamoja na Zambia, Kamerun na hapa Tanzania, wagonjwa 721 walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2018. Waliotibiwa kwa juma moja la amfoterisini pamoja na flusaitosini, 24 katika kila 100 walikuwa wamekufa baada ya majuma kumi. Waliomeza vidonge vya flusaitosini na flukonazoli bila sindano, 35 katika kila 100. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa Malawi, Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha kwamba dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya vitone vya mafuta, ikifuatwa na vidonge vya majuma mawili, ilifanya kazi sawa na juma zima la sindano za zamani, na madhara yakawa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo. Kwa hospitali ya mwambao, ambako kumlaza mtu juma zima kwenye dripu na kumpima damu kila mara ni mzigo, tofauti hiyo ni kubwa.

Basi tatizo si kwamba dawa hazijulikani. Flusaitosini ina umri wa babu. Hataza yake ilikwisha zamani, na kwa sababu hiyo hiyo haikuwa na wa kuitangaza, ikawa haionekani katika hospitali nyingi za Afrika huku watu wakifa. Amfoterisini ya mafuta nayo ilizuiwa na bei, mpaka mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilipotangaza kuishusha hadi dola 16.25 kwa kichupa katika nchi 116. Kwa maoni yangu, swali ambalo madiwani, waganga wakuu na wabunge wanapaswa kuulizwa ni rahisi: je, kijiti cha kupimia na dawa hizo tatu vimo kwenye rafu ya hospitali ya wilaya yako leo, au vimo kwenye kitabu cha mwongozo tu?

Nizungumze pia juu ya hofu mbili za sisi wananchi. Ya kwanza ni sindano ya mgongo. Husemwa kwamba inapoozesha, au kwamba kila anayechomwa hufa. Sindano hiyo huchomwa chini ya mahali ambapo uti wenyewe unaishia. Na katika ugonjwa huu ni zaidi ya kipimo. Fangasi huziba njia za maji ya ubongo, kichwa kikajaa shinikizo, na kuyapunguza maji hayo kwa sindano humpunguzia mgonjwa maumivu na kumwokoa uhai na macho. Wanaokufa baada ya sindano mara nyingi waliletwa wamechelewa. Hofu ya pili ni ya ndugu wanaolalamika kwamba mgonjwa wao amenyimwa dawa za VVU. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuzianza katika juma la kwanza au la pili la homa hii kuliongeza vifo, kulinganisha na kusubiri majuma matano hivi. Daktari anaposema tusubiri, anajua anachofanya.

Kuna jambo la mwisho linalowaunganisha mkulima na daktari. Baadhi ya dawa za kutu ya majani mashambani ni za ukoo mmoja na flukonazoli. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba katika mazingira ya Tanzania wamekuta fangasi ya mapafu iitwayo aspajilasi ambayo imekwisha kuwa sugu kwa dawa za ukoo huo. Nairobi nako imeonekana aina ya kandida isiyosikia flukonazoli. Tukizitumia ovyo dawa hizi chache, shambani au dukani, hatuna akiba nyingine nyuma.

Ruvuma ina sababu ya kutoa mfano katika hili. Mwaka 2003 mkoa huo ndio uliotangulia nchini kuanzishiwa Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Wauzaji walifundishwa, maduka yakakaguliwa, kisha mpango ukaenea Tanzania Bara na kuigwa na nchi nyingine, Uganda ikiwemo. Muuzaji aliyefundishwa ndiye daktari wa kwanza wa watu wengi, kijijini na mjini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapofika dukani usitaje dawa, taja ugonjwa. Mwulize muuzaji: hii ni ya bakteria au ya fangasi? Ina steroidi ndani? Niitumie mpaka lini? Na kama ni kichwa kinachouma zaidi ya juma moja pamoja na homa, usimpe muuzaji kazi isiyo yake. Nenda hospitali, iwe Litembo, Liuli au Amana, useme wazi kama unaishi na VVU au hujapima, na uombe kupimwa fangasi ya ubongo kwa jina lake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa majuma machache tu.

Mpaka juma lijalo, nakutakia afya njema.